Kupe wa Miti ya Chanika

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa viatu vya kisigino vya dada yangu. Niliambiwa nimepata kazi ofisi ya misitu, nami nikasikia "ofisi" tu, hilo la misitu likanipita. Nikafika Kinondoni asubuhi na mapema, nywele nimesuka, kalamu nimeichomeka kwenye gauni. Bwana Miti wa wakati ule alikuwa Mzungu wa mwisho mwisho, anasubiri kukabidhi kazi kwa kuwa Uhuru ulikuwa umeshapatikana. Bwana Miti ndivyo tulivyomwita ofisa wa misitu, kama ofisa wa kilimo alivyokuwa Bwana Shamba. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu.

"Wewe nani?"

"Mwanaidi, bwana. Msaidizi mpya."

"Vua viatu, Mwanaidi. Leo tunatembea."

Nikavua. Nikamfuata peku mpaka vichaka vya nyuma ya Msasani, ambayo enzi hizo ilikuwa kijiji cha wavuvi na njia za mchanga. Yeye ananionyesha vipepeo, mimi natafuta miiba kwenye unyayo. Jioni nilirudi nyumbani Temeke viatu nimevishika mkononi, mama akadhani nimefukuzwa. Nikamwambia hapana mama, nimeajiriwa, ila bado sijaelewa nimeajiriwa kufanya nini.

Vijana wa kikundi kimoja cha matembezi wameniomba niandike jinsi kazi ile ilivyokuwa zamani. Nimekubali kwa sharti kwamba wasome mpaka mwisho bila kuchungulia simu. Nimewahi kutembea nao mara moja, nikawaona wanavyopiga picha ya kipepeo kabla hawajamtazama. Mtu akikuuliza baadaye alikuwa wa rangi gani, unafungua simu. Sisi tulikuwa tunafungua kichwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na kikundi cha watu waliopenda kwenda porini siku za Jumapili kutafuta vipepeo na okidi. Okidi ni maua ya mwituni ambayo mengi yake hayaoti ardhini, yanakaa juu ya miti, kwenye panda za matawi. Kabla ya Uhuru kikundi kile kilikuwa cha Wazungu, na daktari mmoja wa Kihindi aliyekuja na mwavuli hata wakati wa kiangazi. Ofisi yetu iliwapa mtu wa kuwaandalia njia na kuwasindikiza. Mtu huyo nikawa mimi.

Jumamosi nilikwenda kufyeka njia na kuweka chambo. Chambo cha vipepeo wa msituni ni ndizi zilizooza, unaziponda, unazimwagia togwa lililochachuka, unazifunga kwenye kitambaa na kuzining'iniza tawini. Watu wengi hudhani kipepeo anaishi kwa maua. Wapo wanaoishi kwa maua, lakini wale wakubwa wa msituni, wenye mabawa mapana na mikia, wanapenda uozo, na wakikosa ndizi watatua kwenye kinyesi na kunywa kwa raha zao. Nimewahi kuongoza bibi harusi aliyetaka kuonyeshwa kipepeo mzuri kuliko wote. Nikamwonyesha. Alikuwa juu ya mavi ya nyani. Bibi harusi hakurudi tena.

Jumapili tulitembea kwa mstari. Mbele alikuwa kiongozi na fimbo, nyuma kabisa alikuwa mtu tuliyemwita mkia, na kazi ya mkia ni kuhakikisha hakuna aliyebaki porini akitoa miiba kwenye soksi. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mkia. Mkia hujifunza mengi kwa sababu anaona kila mtu anakosea nini. Wanaoanza humwendea kipepeo kwa mbele, jua likiwa mgongoni mwao, kivuli kinamwangukia, naye anaruka. Unatakiwa uzunguke, kivuli chako kikae nyuma yako, usogee kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Na okidi huitafuti kwa kuangaza huku na huku. Unachagua mti mmoja mzee, unaanza shina, unapanda na macho tawi kwa tawi mpaka kileleni, ndipo unahamia mti mwingine. Shingo inauma, lakini ndiyo kazi.

Mzungu aliondoka, akaja Bwana Miti wa kwanza Mwafrika, mtu wa bara, mrefu, mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu. Siku ya kwanza aliniita mezani kwake.

"Haya matembezi ni ya nani?"

"Ya wanaopenda, bwana."

"Nimeona majina. Wanaopenda ni wachache mno. Au wengine hawajaambiwa?"

Alikuwa na haki. Akaagiza tangazo libandikwe viwandani, hospitalini na mashuleni, kwa Kiswahili, na lori la ofisi likaruhusiwa kuchukua watu Jumapili. Nilidhani hatutapata mtu. Nani atoke Kinondoni siku yake ya mapumziko akatafute vipepeo? Jumapili ile lori lilijaa. Walikuja makarani, mafundi wa kiwanda cha nguo, mwalimu mmoja wa Temeke na mkewe, na nesi mmoja aliyeitwa Dada Rehema, mpangaji wa chumba kimoja Kinondoni, mwenye mdomo usiokaa. Bwana Miti akanipa fimbo. "Leo wewe uko mbele," akasema, akaenda kukaa nyuma, akawa mkia. Sijawahi kumsahau kwa jambo hilo. Mkubwa wa ofisi kuwa mkia wa msaidizi wake, tena mwanamke, tena mbele ya watu, enzi hizo halikuwa jambo dogo.

Nilihamishiwa Mbweni, ambako vichaka vya pwani vilikuwa bado vinene na nyumba za kuhesabu, nikajifunza okidi isiyo na majani kabisa, mizizi mitupu iliyojishika kwenye matawi membamba, mtu akiiona anadhani ni nyuzi zimekwama. Mizizi hiyo ni myeupe ikikauka. Ukiinyunyizia maji inageuka kijani mbele ya macho yako, maana ndiyo inayofanya kazi ya majani. Nilitembea na chupa ya maji kwa ajili ya kuonyesha hilo tu, na kila mara watu walisema "aa" kwa pamoja. Kutoka Mbweni nikapelekwa Chanika, kwenye vilima vyenye miti mikubwa ya mkongo kando ya kijito. Huko ndiko nilikofanya kazi ninayojivunia kuliko zote, na sioni sababu ya kuificha fahari yangu. Nimeshazeeka.

Bonde lile la Chanika sijaona mfano wake. Mikongo ilisimama pande zote mbili za kijito, na karibu kila panda ilibeba okidi ya chui, ile yenye maua ya njano na mabaka ya kahawia. Mafungu mengine yalikuwa makubwa kuliko pakacha la nazi. Zikichanua, bonde lote linanukia. Chini, kwenye tope la kijito, vipepeo dume walikusanyika kunywa maji ya chumvi chumvi, weupe na wa njano na wale wa buluu, wamekunja mabawa, wamepangana kama matanga ya ngalawa. Kikundi chetu kilikwenda huko mara moja kwa mwaka, wakati wa kuchanua, na watu walianza kuulizia safari hiyo miezi mingi kabla.

Wenyeji wa Chanika walikuwa na jina lao kwa okidi. Waliita kupe wa mti. Waliona mmea umekaa juu ya mti mwingine, haushuki, unanenepa, wakaona jina linafaa. Halikuwa jina la chuki. Watoto walichuma maua yake wakachezea harusi, na jioni wakarudi nyumbani wakisema wametoka kwa kupe. Mjumbe wa nyumba kumi wa pale, Mzee Kibwana, ndiye aliyenifundisha jina hilo siku ya kwanza, nikacheka.

Kisha likaja Azimio, Serikali ikatangaza Ujamaa, na lugha ya nchi ikabadilika. Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kujua uzito wa neno kupe wakati ule. Redioni kupe, mikutanoni kupe, kwenye ngonjera za watoto wa shule kupe. Kupe alikuwa mtu anayekula jasho la mwenzake, na kila wimbo ulitaka mrija wake ukatwe. Kumwita mtu kupe ilikuwa ni kumtoa kwenye orodha ya binadamu. Nasi tulikubali, mimi mwenyewe niliimba, maana wanyonyaji walikuwepo na tuliwajua.

Chanika ikapata Katibu mpya wa Chama. Alikuwa kijana mtu wa Dodoma, amekulia kwenye ng'ombe, kisha akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Alikuwa mtu safi. Alilima shamba la kijiji kwa mkono wake na kulala nyumba ya udongo kama wengine. Kwenye mkutano wake wa kwanza wa hadhara alizungumza mpaka jasho likamlowanisha, akamaliza kwa kuuliza: "Hapa Chanika, kupe wako wapi? Watajeni."

Kijiji kizima hakikuwa na tajiri hata wa kusingiziwa. Mzee Kibwana, aliyependa utani kuliko ugali, akasema kutoka nyuma: "Ndugu Katibu, hapa kupe wetu wako bondeni, juu ya miti. Wamejaa."

Watu wakacheka. Katibu hakucheka, kwa kuwa hakuwa mwenyeji na hakujua kwamba ni jina. Akauliza, wakamweleza, kwamba kweli upo mmea unaokaa juu ya mikongo na unaitwa kupe tangu zamani. Akasema basi hilo ni funzo kwa watoto wetu. Papo hapo likapitishwa azimio la mkutano: Jumamosi inayofuata kijiji kizima kitatoka kwa kazi ya kujitolea, kila mtu na panga na ngazi, kukwangua kupe wote bondeni na kuwachoma moto.

Mzee Kibwana alikuja mwenyewe mpaka ofisini kwetu Kinondoni kuniambia. Hakukaa kwenye kiti nilichomwekea.

"Mwanangu, mie nilitania."

"Si uwaambie basi kuwa ulitania?"

"Nikawaambie kuhusu kupe nilitania? Na mimi ni mjumbe? Watanitazamaje?"

Nilikwenda kwa Bwana Miti, yule yule wa miwani. Nilijua kwamba mafungu yale yana umri mkubwa kuliko wangu, na yakikwanguliwa hayarudi wakati wa uhai wetu. Okidi huzaa mbegu laini kama vumbi, na katika maelfu moja ndiyo hupata pa kushika. Bwana Miti alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta na tai.

"Mwanaidi, azimio la mkutano wa kijiji ni azimio. Unataka mimi, ofisa wa Serikali, nikasimame mbele ya Chama nijitambulishe kwamba ni mtetezi wa kupe?"

"Si kupe, bwana."

"Najua si kupe. Wewe unajua, mimi najua. Jina linajua?"

Akavaa miwani. Mwishowe akaniambia lori ninalo, mafuta ninayo, na maneno yatakuwa yangu mwenyewe. Nikatoka pale. Nilikuwa na watoto wawili wadogo na mume aliyechonga mipingo akauza siku akipata mnunuzi, na mshahara wangu ndio uliotulisha. Mtu aliyepinga azimio la mkutano angeweza kuamka hana kazi. Lakini nilipofikiria bonde lile likiwaka moto, niliona sitaweza kupita tena barabara ya Chanika nikiwa na macho.

Usiku huo sikupata wazo lolote. Asubuhi nikipika chai likaja. Sitapinga azimio. Nitalitekeleza. Wakati ule hakuna kijiji kilichoweza kukataa watu waliokuja kujitolea. Nikapita kwa watu wa matembezi mmoja mmoja, nikawaambia safari ya Jumapili imesogezwa Jumamosi na kila mmoja aje na panga. Dada Rehema akaniuliza, "Da Mwanaidi, tangu lini vipepeo wanatafutwa kwa panga?" Nikamwambia panda lori, utaona.

Jumamosi tulishuka Chanika tukiimba. Katibu alifurahi kuliko nilivyotarajia. Wafanyakazi wa mjini wamekuja kuungana na wakulima, kwake hiyo ilikuwa sikukuu. Aliwapa mkono mmoja baada ya mwingine. Watu wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye magogo, ngazi zimeegemezwa kwenye mikongo, kuni za kuchomea zimepangwa tayari. Juu yao okidi zilikuwa zimechanua zote. Harufu yake ilitukuta tangu njiani.

Nikamwendea. "Ndugu Katibu, sisi watu wa misitu tuna desturi. Kabla kazi haijaanza, kwanza tunakagua eneo kwa kutembea. Naomba tutembee wote, wewe mbele na mimi, kisha utoe amri."

"Ni haki," akasema. "Hata ng'ombe hawapelekwi josho bila kukaguliwa."

Aliposema neno hilo la ng'ombe nikapumua. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mambo mengi niliyoyajua. Nikayaacha yote.

Tulitembea kwa mstari, kijiji na mji wamechanganyika, Mzee Kibwana akiwa mkia. Tulipofika kwenye tope, vipepeo waliinuka wote kwa pamoja, wakawa juu ya vichwa vyetu, weupe na wa njano. Mama mmoja mwenyeji akasema amechota maji pale maisha yake yote na hajawahi kusimama kuwatazama. Katibu alitabasamu, lakini hakusahau alichokuja kufanya. Akasimama chini ya mkongo wa kwanza, fungu moja la okidi likiwa usawa wa kifua chake.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu. Ndugu Katibu, wewe umefuga. Mimi kwetu Temeke tulikuwa na kuku tu. Nifundishe. Kupe unamjuaje?"

Akanitazama kuona kama namtania. Nilikuwa sitanii. Akaweka panga chini.

"Kupe ana mdomo. Anauzamisha ndani ya ngozi. Ukimng'oa anaacha kidonda, damu inatoka."

"Mng'oe huyu basi, sote tuone."

Akaingiza vidole chini ya mizizi, akavuta taratibu, kwa ustadi, kama mtu aliyeng'oa kupe wengi. Fungu likaachia. Akainama kwenye gome. Akalipapasa kwa kidole gumba. Gome lilikuwa zima, halina tundu wala utomvu, limechubuka ukungu tu. Akageuza okidi, akatafuta mdomo kwenye mizizi. Watu walisogea mpaka wakamkanyaga.

"Hakuna kidonda," akasema taratibu.

"Na kupe akikaa kwenye ng'ombe aliyekufa?"

"Hakai. Ng'ombe akifa, kupe anashuka siku ile ile. Atafyonza nini?"

Nikatembea hatua chache mpaka kwenye mkongo uliokufa, umesimama mkavu, gome limeshabanduka. Kwenye panda yake ilikuwepo okidi ya chui kubwa kuliko zote za bonde lile, imejaa maua mpaka inainama. Katibu aliitazama muda mrefu. Nilijua kwamba akisema "kwangueni", zitakwanguliwa, na hakuna atakayeniuliza tena.

"Sasa kama si kupe," akasema, "huyu ni nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa na jina la kitaalamu ambalo halingemsaidia mtu yeyote pale. Neno okidi kwao lilikuwa sauti tu. Nikamwona Dada Rehema amesimama na panga lake jipya, nikakumbuka chumba chake cha Kinondoni, na jiko lake la mkaa la mlangoni.

"Ni mpangaji," nikasema.

Sauti ikatoka kwenye kundi. "Analipa kodi?"

Watu wakaangua kicheko. Na kodi enzi hizo nayo ilikuwa jambo la hatari kulitania, kwa hiyo niliwahi kabla halijakua.

"Amepanga chumba tu. Hali chakula cha mwenye nyumba. Tazameni." Nikawaonyesha mizizi ile mingine ya okidi ya chui, inayosimama juu kama sindano badala ya kushika mti. Inanasa majani makavu na vumbi na kinyesi cha ndege, mvua inanyesha, vinaoza pale pale, ndicho chakula chake. "Hili ni jiko lake. Anajipikia mwenyewe."

Dada Rehema hakuweza kujizuia. "Kama mie," akasema. "Na mwenye nyumba wangu hajawahi kusema namnyonya. Kelele tu ndo analalamikia."

Katibu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Chanika kumwona anacheka, waliniambia baadaye. Akarudisha lile fungu alilong'oa kwenye panda yake, akalibana kwa gome. Kisha akageuka, uso ukawa wa kazi tena.

"Huyu anajitegemea," akawaambia watu. "Huyu ni mwenzetu. Lakini azimio lilisema kupe, na watu wamekuja na mapanga. Da Mwanaidi, watu warudi nyumbani hivi hivi?"

Hilo nilikuwa nimelisubiri. Nikawapeleka kwenye mikorosho yao wenyewe, nyuma ya nyumba. Huko ulikuwepo mmea mwingine wenye majani manene na maua mekundu membamba. Ndege hula tunda lake linalonata, akapangusa mdomo tawini, mbegu inabaki. Mbegu hiyo huota na kuzamisha mrija ndani ya tawi, ikafyonza maji ya mkorosho mpaka tawi linakauka. Nilikata kipande, nikapasua, nikawaonyesha mrija uliozama ndani ya mti. Nilipotamka neno mrija sikuhitaji kusema zaidi. Katibu alipanda ngazi wa kwanza.

Walifanya kazi mpaka jua likaegemea, wakachoma lundo refu kuliko mtu. Msimu uliofuata mikorosho ya Chanika ilizaa vizuri, na Katibu akapongezwa wilayani. Nilifurahi. Alistahili. Mzee Kibwana siku ile alinipa jogoo, akaniambia amekoma kutania mikutanoni. Wiki ya pili nikasikia ametania tena. Jumatatu nilipoingia ofisini Bwana Miti alisimama kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo wakubwa hawakuwafanyia wasaidizi, akanipa mkono.

Niliendelea na kazi ile miaka mingi baada ya hapo. Nilihudumu chini ya mabwana miti wengine watatu au wanne, mmoja mkali, mmoja mlevi, mmoja aliyeogopa nyoka mpaka akakagua misitu kwa kupitia dirisha la gari. Nilifundisha viongozi wa matembezi ambao leo wana vyeti vingi kuliko mimi. Nilistaafu na hafla ndogo, soda na maandazi, wakanipa saa ya ukutani. Nilitembea maisha yangu yote ya kazi, na sijutii hatua hata moja.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alinunua kiwanja Chanika, akaniomba twende tukakione. Sikupatambua. Barabara, maduka, nyumba za bati la rangi zimepanda vilima. Bonde lenyewe limebaki kipande, na kiwanja chake kimegusa ukingo. Alikuwepo kibarua mmoja anasafisha, mtu wa makamo, mwenyeji wa pale. Alikuwa ameshaangusha mkongo na anakatakata matawi. Nilikaa kwenye gogo nikiwa na uchungu, maana haki ya mtu kujenga ninaielewa, na mti nao ninauelewa.

Nikaona tawi moja ameliweka kando. Alilibeba kwa mikono miwili, akalipeleka mpaka kwenye mwembe wa jirani, akaanza kulifunga kwa kamba ya katani kwenye panda. Nikasogea. Lilikuwa na fungu la okidi ya chui.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hilo mbona hujalitupa?"

"Hili lina mpangaji, mama. Mwenye nyumba kabomolewa, sasa mpangaji kosa lake nini? Tunamhamishia tu kwingine."

"Nani amekufundisha?"

"Hatujafundishwa na mtu. Huku ndo tunavyofanyaga, tangu wazee."

Nikamuuliza kama hawaiti kupe. Akaacha kamba, akanigeukia kwa mshangao, akaniangalia kama bibi wa mjini asiyejua kitu.

"Kupe? Kupe wa nini, mama? Huyu si anajipikia mwenyewe?"

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikaona kwamba nikisema nitalia mbele ya mtu mzima na panga lake. Mtoto wa dada yangu alikuwa ananiita kutoka kwenye gari, tuwahi foleni. Nikampungia mkono asubiri.

"Mama, samahani," akasema yule bwana, "nishikie hapo kidogo, nikaze fundo."

Nikashika.